Jukwaa Lisilo na Msumari Hata Mmoja

Nimeaibika leo. Mchana kweupe, ndani ya Lavington, mbele ya akina mama wa kanisa, nikiwa nimepiga magoti na suruali yangu ya harusini. Naandika haraka kwa sababu kuna video. Shangazi mmoja alikuwa anarekodi maombi, na jinsi ninavyowajua mashangazi, kufikia jioni itakuwa imeshawafikia. Afadhali jambo hili mlisikie kwangu kwanza.

Wanaonijua wanajua. Kwa wasionijua: naitwa Barasa, fundi wa mbao, kibanda changu kiko kando ya barabara hapa Dagoretti Corner. Kazi yangu ni vitanda. Si viti, si kabati, si milango. Vitanda! Nusu ya Kawangware inalala juu ya kazi ya mikono yangu na hakuna mtu aliyewahi kuanguka (likumbukeni hilo mnapoendelea kusoma).

Lakini vitanda nilikuwa nimevichoka. Mtu akinitambulisha mahali hasemi "Huyu ni Bwana Barasa." Anasema, "Huyu ni yule wa vitanda," halafu watu wanatabasamu kidogo, sijui huwa wanafikiria nini. Mke wangu Nafula ana dada zake. Mume wa mmoja ni mwalimu mkuu, wa mwingine anauza magari. Tukikutana Krismasi wanazungumza mambo ya shule na mambo ya magari, kisha wananigeukia kwa huruma: "Na vitanda, vinaendelea?" Vinaendelea, shemeji. Vinaendelea kulala.

Basi mlango ukafunguka. Kuna mteja wangu wa Lavington anaitwa Mama Ciku, mama mpole, mwenye nyumba kubwa na uwanja wa nyasi wa kucheza mpira. Nilikuwa nimemtengenezea kitanda cha chumba cha wageni. Akanipigia simu.

"Fundi, unajuanga kujenga deck?"

"Mama, hiyo ndiyo kazi yangu."

(Sikujua deck ni nini. Nilidhani ni ile ya kuchezea DVD.)

Nilipofika kwake ndipo nikaelewa. Alikuwa amenunua bwawa la kuogelea, lile lisilochimbiwa shimo. Linasimama lenyewe juu ya nyasi: nguzo za chuma kuzunguka, katikati plastiki nene ya bluu, maji ya kufika kiunoni. Sasa alitaka jukwaa la mbao la kulizunguka, la kimo cha kiuno, na ngazi ya kupandia, ili watu wakae pale juu na kutumbukiza miguu. Akanionyesha picha kwenye simu. Wazungu fulani wamekaa wanacheka, wameshika glasi.

"Ukinifanyia hii poa," akasema, "nitakuonyesha kwa brother yangu. Anajenga nyumba za wageni huko Ngong, na kila nyumba anataka iwe na deck. Anatafuta fundi mmoja wa kufanya zote."

Nyumba zote! Fundi mmoja! Nilirudi Dagoretti nikitembea kama mtu aliyeoga. Usiku ule nikamwambia Nafula kwamba vitanda basi, sasa mimi ni mtu wa majukwaa. Nafula hana siri na dada zake. Kabla hatujazima taa, mwalimu mkuu alikuwa ameshanitumia ujumbe: "Hongera, kontrakta."

Kwa hiyo mnaona. Haikuwa habari ya bwawa tu. Kazi hii ikifaulu, ndugu ya Mama Ciku ananipa kazi ya Ngong na mimi naacha kuwa yule wa vitanda. Isipofaulu, Krismasi inakuja.

Nikapima mahali. Nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nikafikiria jinsi ya kuanza, maana jukwaa sijawahi kujenga hata la kuku. Nikafikiria, nikafikiria. Halafu nikaona. Jamani, kumbe ni vitanda! Vitanda vinne vya futi tano kwa sita, vimeongezwa miguu, vimezunguka beseni kubwa. Kazi niliyoikimbia ilikuwa imenitangulia Lavington inaningoja. Sikuogopa tena.

Sasa, kwa yeyote ambaye hajawahi kuhama nyumba Nairobi, wacha nieleze kitu kimoja. Zile mbao za kitanda, zinazobeba godoro, hazipigiliwi misumari. Hazipigiliwi kabisa. Zinalazwa tu juu ya ukingo ulio ndani ya fremu, moja baada ya nyingine, zinakaa. Sababu ni kwamba mwenye nyumba ataongeza kodi, nawe utahama, na kitanda ni lazima kipite mlangoni. Unatoa mbao, unazifunga kamba, unafungua fremu, unapakia mkokoteni, kwaheri. Fundi anayepigilia mbao za kitanda hapa Dagoretti anachekwa na soko zima. Mimi mwenyewe nimewahi kumcheka mmoja, tena kwa sauti.

Basi mikono yangu ikafanya inachojua. Nilichagua mbao za saiprasi zilizokauka vizuri, nikapiga randa, nikapiga msasa mpaka ukipitisha shavu huumii. Fremu nikazifunga kwa bolti za nguvu. Mbao nikazilaza juu, moja baada ya nyingine, zikakaa. Ngazi tu ndiyo niliipigilia misumari, kwa sababu ngazi si kitanda (akili yangu ilifanya kazi hapo, kwingine kote haikufanya). Nikapaka vanishi. Likang'aa. Nikalipiga picha nikaituma kwa mwalimu mkuu bila kuandika neno lolote.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulionyesha. Nilivaa ile suruali ya kaki niliyoivaa harusini kwa shemeji. Askari wa pale getini, Mutiso, huwa ananisimamisha kila siku ananiuliza naenda wapi na nimebeba nini, kana kwamba hatukuonana jana. Leo alifungua geti lote, lile la magari, akasimama wima.

"Ingia, injinia."

Injinia! Nikaingia polepole ili nisikie kama atasema tena.

Mama Ciku alikuwa pale uani amevaa gauni jipya. Akapanda ngazi, akainama, akapitisha kiganja juu ya mbao.

"Ai, fundi! Hata msumari moja sioni!"

"Hiyo ndiyo siri ya ufundi, mama."

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.)

Kaka yake akaja. Bwana Ndung'u, mtu mnene asiyependa maneno. Hakunisalimia sana. Alilizunguka jukwaa lote akigonga miguu ya mbao kwa kifundo cha kidole, koko, koko, akachuchumaa akachungulia bolti, akashika fremu kwa mikono miwili akaitikisa kwa nguvu zake zote. Haikutingishika. Akapangusa mikono.

"Imeshika," akasema.

Neno moja tu. Lakini ndani yangu nyumba za Ngong zilikuwa zimeshaanza kujipanga, moja moja, zote na majukwaa.

Ningekuwa na bahati, angetoa simu hapo hapo tukamaliza mambo. Lakini huku kwetu kitu kipya hakitumiki hivi hivi. Ukinunua gari, linaombewa. Ukifungua duka, linaombewa. Na Mama Ciku hakuwa mtu wa kuoga kwenye maji ambayo hayajaombewa. Alikuwa amewaalika akina mama wote wa ushirika wao wa kanisa, na mama yake mzazi, ambaye wote humwita Cucu, yaani bibi, alikuwa ametolewa Limuru asubuhi kuja kuliombea bwawa. Cucu ni mkongwe, mwembamba, ana fimbo na sauti. Alilitazama bwawa kwa muda.

"Hii tangi ni ya ng'ombe ngapi?"

"Mum, ni ya kuogelea."

"Na bafu iliharibika?"

Akina mama wakafika, vitambaa kichwani, leso kiunoni. Walipoona vanishi inavyong'aa wakakataa kuikanyaga na viatu. Wakavivua vyote wakavipanga chini ya ngazi, vizuri kabisa, jozi kwa jozi. Halafu wakapanda. Wote. Mimi nilidhani watapanda wachache na wengine watasimama kwenye nyasi, lakini nani atakubali kuombea bwawa kutoka kwenye nyasi? Jukwaa likajaa pande zote. Fremu hazikulia hata kidogo. Nikamtupia jicho Bwana Ndung'u, naye akaitikia kwa kichwa polepole.

"Fundi naye apande!" akaita Mama Ciku. "Mikono iliyojenga ibarikiwe!"

Nikapanda. Cucu akasimama juu kabisa ya ngazi, kwa sababu ya miguu yake. Shangazi mmoja akatoa simu akaanza kurekodi. Wakaanzisha pambio.

Nanyi mnajua pambio haliimbwi na mtu aliyesimama tuli. Mguu kulia, mguu kushoto, mbili mbele, moja nyuma, mnageuka kidogo, mnarudi. Jukwaa zima linatembea kulia, jukwaa zima linatembea kushoto. Nami nilicheza, kwa nini nisicheze? Nilikuwa kontrakta. Chini ya miguu nikasikia krrr kidogo. Nikafikiri ni vanishi inashika.

Pambio likaisha. Cucu akainua mkono.

"Tushikane mikono. Tufumbe macho."

Kulia nikamshika Bwana Ndung'u. Kushoto nikamshika mwenyekiti wa akina mama, mtu mwenye kiganja cha kukamua chungwa. Nikafumba macho kama watu wote.

Cucu hakuanza na bwawa. Alianza na ukoo. Akamshukuru Mungu kwa babu yao aliyenunua shamba la kwanza. Akaingia kwa watoto, akawataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na walioko ng'ambo akawaombea vibali. Akapita kwa mvua. Akapita kwa majani chai. Akamkumbuka ng'ombe mmoja aliyekuwa mgonjwa. Na kila alipopumua kidogo tulidhani anafika kwenye maji, lakini alikuwa anavuta tu pumzi ya kwenda kwa wajomba.

Krrr.

Nikafungua jicho moja. Najua si vizuri. Nikaangalia chini.

Karibu na mguu wa Bwana Ndung'u, ubao mmoja ulikuwa umetembea. Ulikuwa umesogea mpaka ncha yake imeshika ukingo kwa upana wa kidole tu. Wa pembeni yake pia. Nikaangalia upande wa pili. Vivyo hivyo! Pambio lilikuwa limezitembeza mbao zangu zote, kulia kushoto, mbili mbele moja nyuma, nazo zilikuwa hazijarudi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Godoro! Kitanda kina godoro. Godoro ndilo hukandamiza mbao zisitembee. Na juu ya kitanda watu hulala, hawachezi pambio. Nilikuwa nimewapandisha akina mama wa kanisa juu ya vitanda vinne visivyo na magodoro nikawaambia ni siri ya ufundi.

Mtaniuliza: kwa nini hukusema? Semeni nyinyi! Katikati ya maombi ya Cucu? Huku kwetu simu yako ikiita wakati wa maombi unatamani ardhi ikumeze. Mtu akipata kikohozi wakati wa maombi anakimeza. Sasa mimi, mgeni, fundi, nimkatize mama wa watu aliyesafirishwa kutoka Limuru, niseme nini? "Samahani Cucu, Mungu angoje kidogo, mbao zinatoka"? Na Bwana Ndung'u yuko hapo nimemshika mkono!

Nikaamua kurekebisha kimya kimya. Nikanyoosha kidole gumba cha mguu, nikausukuma ule ubao taratibu. Ukarudi kidogo. Asante Yesu. Wa pembeni yake ukatoka zaidi. Nikanyoosha mguu mwingine. Sasa nilikuwa nimesimama kwa visigino, vidole vyote vinafanya kazi, jasho linanitiririka, na Cucu amefika kwa viongozi wa nchi, ambao ni wengi.

Vidole vya mguu vikashindwa. Ilibaki mikono. Nikaichomoa, mmoja kwa Bwana Ndung'u, mwingine kwa mwenyekiti (huo ulitoka kwa taabu), nikashuka chini, pu! Magoti yote mawili.

Cucu akasikia ule mshindo.

"Asante!" akapaza sauti. "Asante, Baba! Umemgusa fundi!"

"Ameeen!" wakajibu akina mama, macho yamefumbwa.

Sikuwa nimeguswa. Nilikuwa nasukuma ubao. Nikatambaa kidogo, nikasukuma wa pili, nikatambaa, nikasukuma wa tatu. Kibanzi kikaniingia chini ya ukucha.

"Ooooh!" nikalia.

"Mguse zaidi!"

"Oooh, mama yangu!"

"Zaidi, Bwana! Usimwache nusu!"

Hapo maombi yakapanda moto. Cucu akawaacha viongozi wa nchi akaja kwangu moja kwa moja. Akina mama wakaanza kuomba kila mtu kwa sauti yake, na kwa kuwa fundi ameguswa, wakamkaribia fundi ili wamwekee mikono. Wote! Kutoka pande zote za bwawa! Niliwaona kwa chini, miguu inakuja, miguu mitupu, mizito, inakanyaga mbao za upande mmoja. Upande wangu.

"Msikuje!" nikasema.

"Ni adui anaongea hapo," akasema mwenyekiti. "Mshikeni kichwa."

Wakanishika kichwa. Wakanishika mabega. Mtu akanishika sikio, sijui kwa nini. Nami nilikuwa nimelala kifudifudi, mikono yote miwili nimekumbatia mbao mbili zilizokaribia kutoka, nazivuta zisianguke.

"Achilia, mwanangu!" Cucu akaita kutoka kwenye ngazi.

"Siwezi!"

"Achilia!"

"Cucu, siwezi kuachilia! Nikiachilia tutaanguka!"

"Hakuna kuanguka mikononi mwa Bwana!" akasema Cucu, na kwa imani yake yote akapiga fimbo chini, juu ya ubao uliokuwa mbele yake.

Ubao ule ukaenda. Wa pili ukaona hauwezi kubaki peke yake. Baada ya hapo sikuhesabu.

Nataka niwe mkweli: hawakuanguka. Walishuka. Fremu zangu zilisimama imara kama nilivyozifunga, na akina mama wakapita katikati, wima, kila mmoja pale alipokuwa amesimama, mpaka miguu ikakanyaga nyasi na fremu ikawafika kiunoni. Hakuna aliyechubuka. Vitambaa vya kichwa havikusogea. Walikuwa wanaangalia tu, macho sasa yamefunguka. Mimi nilikuwa nimening'inia kwenye fremu kwa kwapa moja.

Halafu tukasikia tsssss.

Ubao mmoja ulipokuwa ukishuka ulikuwa umepiga kichwa chini, na kona yake, ile niliyoipiga msasa kwa upendo, imeingia kwenye plastiki ya bluu. Tundu dogo tu. Mama Ciku alinyoosha mkono kama anayetaka kuliziba kwa kidole. Plastiki ikapasuka kutoka juu mpaka chini.

Maji ya kufika kiunoni, mkiyaachilia kwenye uwanja, si mengi kama mnavyodhani. Ni mengi kuliko hivyo! Yalitupita miguuni yakachukua meza ya chai. Yakachukua mandazi. Yakafika chini ya ngazi yakachukua viatu vyote, jozi kwa jozi, yakateremka navyo kwenye mteremko wa magari kuelekea getini. Na Mutiso pale getini, aliposikia kelele za uani, akadhani wageni wanaondoka. Akalifungua geti lote, akasimama wima, akapiga saluti.

Viatu vya ushirika mzima vikatoka nje, vikaingia barabarani Lavington.

Maji yakapungua. Juu ya ngazi, ile niliyoipigilia misumari, Cucu alikuwa amesimama mkavu kabisa, macho bado ameyafumba, mkono ameuinua.

"Amina," akasema.

Mama Ciku akaokota ubao mmoja. Akaugeuza. Akaugeuza tena. Alikuwa anatafuta kitu.

"Fundi. Misumari iko wapi?"

"Mama, kusema ukweli... hizi hatupigangi misumari."

"Kwa nini?"

Hapo ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimelowa na nimechoka.

"Ndio siku ukihama, uende nayo."

Alinitazama. Akaitazama nyumba yake ya ghorofa, vigae vyekundu, miti iliyopandwa na marehemu mume wake. Akanitazama tena.

"Nihame niende wapi, Barasa?"

Ile ya kuitwa Barasa badala ya fundi iliniuma kuliko kibanzi. Akaniambia nirudi Jumatatu na misumari, kisha tutaongea juu ya bwawa. Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza.

Tulitumia muda mrefu barabarani tukiokota viatu. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa mbele, amekunja gauni, anasimamisha magari kwa kiganja. Kuna kiatu kimoja cha dhahabu ambacho hadi sasa hakijaonekana. Kama kuna mtu anaelekea Muthangari, tafadhali aangalie kwenye mtaro.

Nilipokuwa nakusanya vifaa vyangu, Bwana Ndung'u akaja. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani. Nikajua ni kuniaga. Akazunguka tena fremu zile, akazigonga, koko, koko. Akazitikisa. Zilikuwa zimesimama vilevile.

"Mimi nilikuwa nimefungua macho," akasema kwa sauti ya chini.

"Samahani, mzee?"

"Kwa maombi. Nilikuona. Kutoka ulipoanza na kidole ya mguu."

"Sasa mzee, mbona haukusema?"

"Na wewe mbona haukusema?" Akaangalia nyuma, ambako Cucu alikuwa amefunikwa shuka anakunywa chai. "Mamangu alikuwa anaomba."

Tukasimama hapo, watu wazima wawili waliokuwa wameona na kunyamaza. Akacheka kidogo puani. Nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nalia, maana nilijua kinachofuata.

"Deck nitatafuta mtu mwingine," akasema. "Mtu wa misumari."

"Sawa, mzee."

"Lakini hizo nyumba zina vyumba, na kila chumba inataka kitanda. Hii fremu yako nimependa. Kuja Jumanne tuongee."

Nikashukuru kwa mikono miwili. Na ninashukuru kweli, msinielewe vibaya. Kazi ni kazi, na watoto watakula. Lakini nilitembea kutoka Lavington mpaka Dagoretti nikiwa na mbao begani na suruali ya harusini imeganda kwa matope, nami bado ni yule wa vitanda, sasa kwa mkataba.

Nafula alikuwa mlangoni ameshika simu. Video ilikuwa imenitangulia. Nilijiandaa kusikia yote ninayostahili. Kumbe yule shangazi aliikata mahali mbao zilipoanza kwenda (simu ilimponyoka). Kinachoonekana ni mimi tu, nimelala kifudifudi, nalia, nimezungukwa na akina mama wanaosifu. Nafula alikuwa na machozi.

"Baba Timo, kwa nini hukuniambia umeokoka?"

Dada zake wote wameshapiga simu kupongeza. Mwalimu mkuu amenitumia mstari wa Biblia. Na Cucu, kupitia kwa Mama Ciku, ameomba kesho nisimame mbele ya kanisa lao nitoe ushuhuda wa jinsi nilivyoachilia. Nimemwambia Nafula ukweli, naye ameniambia ukweli huo nisimwambie mtu mwingine kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo nimewaambia nyinyi tu. Mkicheka, chekeni mkiwa mmefunga mlango. Na siku ukiwa kwenye maombi marefu ukaona ubao unatoka chini ya miguu yako, usihangaike kuushika: sema "Amina" kwa sauti kubwa, wote watadhani yameisha.